Sauti ya Pipa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea shikamoo ya leo, na nyingine za miezi minne yote ambayo hukuisikia ikitoka kinywani mwangu. Natumaini barua hii inakukuta salama, miguu haivimbi tena kama mwaka jana, na usingizi unaupata. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako mzima, anakusalimu sana. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na ameniagiza nikuambie kwamba hakulia, ingawa alilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mimi nakula, nalala, naenda kazini. Kuna jambo moja tu, na hilo ndilo lililonikalisha chini na kalamu kama mtu wa zamani.

Mama mdogo, shikamoo na wewe, maana najua ni wewe unayeisoma. Mama anasema anaona vizuri, sote tunajua anaona mwanga na kivuli. Nakuomba usome yote. Nakujua wewe, ukifika mahali pachungu unakohoa, unafungua ukurasa mwingine. Safari hii usikohoe. Soma polepole, hata pale ninapojitukana mwenyewe.

Mama, barua ya mama mdogo niliipata wiki mbili zilizopita. Amenitukana vizuri, na sikatai. Kasema mimi ni mtoto gani asiyeshika simu ya mama yake, natuma ujumbe tu kwamba koo linauma, koo gani hilo la miezi minne. Halafu akaniambia habari zako. Kwamba mlango wa mbele unaufungua alfajiri na hutaki ufungwe mpaka usingizi ukushike. Kwamba umeweka kiti mbele yake na unakaa hapo. Kwamba pasi imeibiwa, mbuzi wa jirani ameingia akatafuna pazia, na wewe ukasema acheni mlango, mtoto anakuja. Kwamba hospitali imekupangia siku ya kutolewa mtoto wa jicho mara mbili, na mara zote mbili umekataa kupanda gari ili mdogo wangu Pipa asije akafika akakuta nyumba haina mtu. Daktari amesema nafasi ya tatu ni Jumatatu ya tarehe ishirini, na baada ya hapo hakuahidi kama macho yataokoka.

Mama mdogo anasema alikukumbusha kwa upole kwamba Pipa tulimzika. Ukamjibu kwamba aliyezikwa amezikwa, lakini aliyekupigia simu amekupigia.

Basi acha nianze mwanzo, kwa sababu hii habari ina mizizi mirefu na mizizi yote imefika kwangu.

Unalikumbuka lile pipa la maji nyuma ya nyumba, lile lililotoboka baba akakataa kulitupa. Pipa alikuwa na miaka saba alipogundua kwamba ukiingiza kichwa mle ndani na kuguna, unatoka mnyama. Siku nzima mwanao kiuno kiko nje, kichwa kiko ndani, ananguruma. Mimi nikawa namfuata. Wewe ukawa unakuja na mwiko unaligonga lile pipa kwa nje, sisi tunatoka masikio yanalia. Siku moja ulipogonga tulitoka kwa pamoja, tukagongana kwenye ule mdomo wa bati: yeye jino likameguka, mimi nyusi ikapasuka. Hapo ndipo mimi nikaacha. Isitoshe sauti yangu ilikuwa haifai, nikinguruma linatoka jambo la kuchekesha. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniita Mbu. Yeye ukamwita Pipa, na hakuna aliyewahi kutuita vingine.

Alipokua akaanzisha bendi yake, Jivu na Asali, uliniuliza kwa wasiwasi kama mdogo wangu anaumwa tumbo, na kama wale wenzake wanamwona anavyoumia na bado wanaendelea kupiga tu. Nilicheka siku ile. Nikakueleza kwamba huo ndio muziki wenyewe: mwimbaji ananguruma kama kitu kilichofukiwa kinataka kutoka, ngoma zinakimbia, na juu yake magitaa mawili yanaimba wimbo mtamu, moja juu, moja chini, mpaka unasahau kuogopa. Ulisikiliza kidogo, ukasema magitaa unayaelewa. Ulisema wale mapacha wawili wanaoyapiga wamelelewa vizuri.

Mimi kama ujuavyo nikaingia upande wa mitambo. Kazi yangu ilikuwa matangazo ya sabuni na ya mazishi, na ile sauti ya kuitia watu foleni katika ofisi ya vitambulisho. Bado natabasamu nikikumbuka ulivyokuja kututembelea ukachukua tiketi ingawa hukuwa na haja ya kitambulisho, ukakaa saa nzima kusikia "Namba mia moja na sita, dirisha la nne," na kila aliyeketi karibu nawe ukamwambia huyo ni mwanangu, Mbu, msikilizeni anavyotamka.

Sasa, hiyo albamu unayoipiga kwenye redio kutwa. Imeandikwa kwenye jalada kwamba ilirekodiwa jukwaani, mbele ya watu, siku moja, mchana, katika ule ukumbi wa zamani wa sinema. Ni kweli, ilirekodiwa hapo. Mimi ndiye niliyekaa nyuma kwenye mitambo. Kila chombo kilikuwa na njia yake ya kuingilia kwenye kompyuta, na kila njia ina kitaa chake chekundu. Kitaa kikiwaka, kinachopita kinahifadhiwa. Njia ya kwanza ilikuwa ya Pipa. Walipiga nusu ya kwanza vizuri ajabu. Alikuwa amefunga kitambaa chako cha kichwa kwenye mkono, kile cha bluu ulichodai kimepotelea kambani.

Wakapumzika. Watu wakatoka nje kupata hewa. Pipa, unamjua, hakuweza kukaa kimya, akabaki kwenye maikrofoni anasimulia vichekesho vichafu mbele ya viti vitupu, na vingine vilikuwa vinamhusu mwalimu wetu mkuu. Nikaona aibu vihifadhiwe. Nikazima kitaa cha njia ya kwanza. Watu wakarudi, ngoma zikaanza, nami sikukiwasha tena. Nyimbo tano za mwisho, mama, mdogo wangu aliimba kwa roho yake yote na hakuna hata neno moja lililobaki. Nilikuwa nimekaa kitako mbele ya kitaa kilichozimika, natingisha kichwa.

Niligundua kesho yake. Nikampigia nikamwambia. Alicheka sana, akaniita mjinga, akasema Jumamosi atakuja chumbani kwangu azirudie zote tano. Hilo ni jambo la kawaida katika kazi yetu. Albamu nyingi unazosikia zimepigwa jukwaani zina viraka ndani. Nikapumua. Homa ikampata Jumanne, na Alhamisi hatukuwa naye tena. Hayo mengine unayajua, ulikuwepo, uliniona pale kaburini, na ulinisikia nikizungumza na wageni kwa sauti yangu ileile ya siku zote. Nataka ulikumbuke hilo.

Baada ya miezi miwili wenzake wakaja kwangu. Mpiga ngoma wao, yule mchomeleaji wa mageti, alisema bendi haitapiga tena bila Pipa, lakini ile siku ya ukumbini iko, na dunia lazima iisikie. Wale mapacha walikuwa wamekaa kwenye benchi wameshikana mikono. Hapo ndipo ningesema, jamani, nilizima kitaa. Mdomo ulikataa. Nilisikia ninawaambia kwamba yote ipo, wanipe wiki mbili tu.

Nikajifungia kwenye chumba changu cha kurekodia, kile kilichobandikwa magodoro ukutani. Nilikuwa na maikrofoni ya Pipa mwenyewe. Wavu wake ulikuwa bado unanuka tangawizi aliyokuwa anatafuna. Niliwaza, sisi ni ndugu, tulijifunzia kwenye pipa moja, na huu mngurumo nani atautofautisha. Siku ya kwanza nikatoa sauti ya mtu anayenyongwa. Ya pili vilevile. Ya tatu, mchana, mkwe wako akiwa kazini, niliona hapa ninajidanganya. Nikazima taa ya chumba, nikafumba macho, nikaingiza kichwa katikati ya magodoro mawili, giza, joto, vile ilivyokuwa mle ndani ya pipa. Kwenye rekodi ya ukumbini, mchomeleaji akahesabu hadi nne masikioni mwangu. Na sauti ikaja.

Sikuisukuma, mama. Ilipita. Nyimbo tano mfululizo, na maneno yake nilikuwa sijayashika kichwani. Nilipomaliza nilikuwa nimekaa sakafuni. Nikafungulia nisikilize. Kabla ya kila mstari kulikuwa na mluzi mdogo. Unaujua ule mluzi. Ule uliokuwa unapita kwenye jino lake lililomeguka kila anapovuta pumzi, uliokuwa unamtambua nao akijificha chini ya kitanda. Mimi meno yangu yote yapo. Nilisogea mbele ya kioo nikavuta pumzi mara nyingi, mluzi haukutoka hata mmoja. Kwenye mashine ulikuwepo.

Katikati ya wimbo wa nane na wa tisa palikuwa na pengo. Kila aliyekuwepo anakumbuka Pipa alisema kitu hapo, watu wakacheka, halafu wakapiga makofi marefu. Mimi sikusikia, nilikuwa nahangaika na waya, na zile maikrofoni za ukumbini zilishika vicheko tu. Nikaandika kwenye karatasi mstari mmoja wa kujazia: mama yangu akisikia hii anadhani naumwa tumbo. Nilitaka siku ukiisikia ucheke. Karatasi hiyo ninayo hadi leo na ina mstari huo mmoja. Lakini wewe umeisikia albamu mara nyingi kuliko mimi, unajua kinachofuata. "Mama, nikimaliza hapa nakuja nyumbani. Usifunge mlango." Hayo sikuyaandika. Yalitoka kinywani mwangu, na nilijua nimeyasema nilipoyasikia kwenye spika.

Ningeyafuta, ni kazi ya dakika moja. Nikaona ni maneno mazuri, yatakufariji. Nikayaacha. Mungu anisamehe.

Wenzake walipokuja kusikiliza, mapacha walilia, mchomeleaji akaenda kusimama uani. Nilimfuata, nikamwuliza kijanja anakumbuka nini Pipa alisema pale kwenye pengo. Akanitazama kwa mshangao, akasema si hivyohivyo ilivyo humo, mambo ya tumbo na mambo ya mlango, yeye alikuwa hatua tatu nyuma yake. Labda kumbukumbu yake imefuata alichotoka kukisikia. Najiambia hivyo kila siku.

Sasa nifike mahali penyewe. Mama mdogo, usikohoe.

Jioni hiyohiyo, wenzake wakiwa wameshaondoka, mkwe wako alirudi, nikamkaribisha nikiwa sebuleni. Akaitikia kutoka jikoni, "Ahsante shemeji." Kisha nikasikia sahani inavunjika. Alitoka akiwa ameshika ukuta, akanitazama usoni, akatazama nyuma yangu. Nikamwambia ni mimi. Akaniomba ninyamaze kidogo. Tulidhani koo limevimba kwa ajili ya ile kazi, litapoa. Nikanywa asali, nikavuta mvuke, nikanyamaza siku kumi nzima. Nilipofungua kinywa, alikuwa Pipa. Si mngurumo, mama. Sauti yake ya kawaida, ile ya kuomba chumvi mezani. Daktari wa koo ameniingiza kioo mpaka nikatapika, akasema koo langu ni safi, hajaona safi kama hilo, na sauti yangu ni nzuri, nina malalamiko gani.

Mwanzoni tulifanya utani. Mkwe wako alisema yeye aliolewa na mmoja, sasa anasemeshwa na wawili, nyumba yake imebarikiwa. Siku hizi hasemi. Nikimwita kwa ghafla bado anajifunika kitenge mabegani, kama mtu anayeingiliwa na mgeni. Mjukuu wako ndiye hana shida. Huja na kitabu, akasema baba mdogo nisomee. Nikimkosoa kwamba mimi ni baba, anasema anajua, baba amekaa tu, anayesoma ni baba mdogo. Ana miaka sita, basi namsomea.

Kazini wamenivumilia. Ofisi ya vitambulisho wameongeza dirisha la tisa wakataka nirekodi tangazo lake. Nikajaribu. Mkuu wao alisikiliza, akasema kwa adabu sana kwamba watu watakimbia. Dirisha la tisa mpaka leo halina sauti, kuna mlinzi anawapungia watu mkono. Lakini madirisha mengine manane bado yana mimi. Nitakuambia kitu ambacho hata mkwe wako hajui: mchana, wakati wa chakula, huwa naenda pale, nachukua tiketi, nakaa kwenye viti na wanaosubiri vitambulisho vyao. Namsikia Mbu akiita namba. Ikifika yangu siendi. Naisubiri inite mara ya pili, kisha natoka. Nimefika mahali pa kumwonea wivu.

Unaelewa sasa kwa nini sikushika simu. Nilijua sauti hii ikikufikia wewe, na macho yako hayo, hutakuwa na kitu cha kuipinga. Nilikaa imara miezi mitatu. Halafu ile Jumanne ya mwezi uliopita, saa nane mchana, nilikuwa nimeinama napanga waya, simu ikalia, mkono ukaishika kwa mazoea. Nikasema, "Naam, mama."

Nilisikia ile saa yako ya ukutani. Halafu ukauliza, polepole kabisa, "Pipa, umefika wapi?"

Hapa ndipo nilipokukosea, na haya mengine yote ni utangulizi. Kitaa kilikuwa bahati mbaya. Zile nyimbo tano nilifanya kwa aibu na kwa mapenzi. Maneno ya mlango sijui yalitoka wapi. Lakini siku ile ya simu nilikuwa na akili zangu zote, hakuna aliyenisukuma. Ningesema ni Mbu, mama, koo limenichezea. Maneno matano sita tu. Ila nilisikia furaha kwenye pumzi yako. Tangu tumzike sikuwa nimekusikia ukivuta pumzi namna ile, na sikuweza kuwa mimi wa kuizima. Nikasema, "Niko njiani, mama." Nikakata simu.

Kwa hiyo hajapiga Pipa. Nimepiga mimi, hata kupiga sikupiga, ni wewe uliyepiga, namba yangu, kwa kunikumbuka mimi, na mimi nikakukosesha mwanao uliyekuwa unamtafuta. Umekaa kwenye kile kiti mwezi mzima unasubiri uongo wangu, na macho yako yanaisha. Pasi niandikie mimi, pazia niandikie mimi. Macho sitaweza kuyabeba, mama. Nimejaribu kuwaza namna nitakavyoishi kama ukipoteza macho kwa ajili ya neno langu, na sijaiona namna hiyo.

Ndiyo maana nimeandika. Nilitaka haya yakufikie kwa sauti ya mama mdogo, ambayo haijawahi kumdanganya mtu, hata pale ingefaa. Nikiyasema mwenyewe utasikia Pipa anakuambia kwamba amekufa, na hilo sitakufanyia.

Jumapili ya tarehe kumi na tisa nakuja. Nimeomba ruhusa kazini, wamenipa upesi kuliko nilivyotegemea. Nitafika asubuhi, jua likiwa limetoka, na Jumatatu nitakupeleka hospitali mimi mwenyewe, nitashika mkono wako mpaka wakuingize ndani. Mama mdogo atabaki nyumbani kulinda, ili usiseme hakuna mtu.

Sasa sikiliza ombi langu. Funga mlango. Jumamosi, mama mdogo akishakusomea haya, inuka wewe mwenyewe uufunge, uzungushe ufunguo. Mtu akiukuta wazi anaingia tu, na mimi nataka nibishe. Nitabisha hodi, na utakayemsikia ni Pipa. Itakuwa sauti yake kabisa, na mluzi labda utakuwepo, siku nyingine unakuja. Nakuomba, usimkaribishe. Najua ninachokuomba ni kigumu kuliko vyote nilivyowahi kukuomba. Fungua, usiseme neno, nyoosha mkono uguse uso ulio mbele yako. Tafuta nyusi ya kushoto. Kuna kovu pale, refu kama punje ya mchele, ulinishona mwenyewe kwa sababu zahanati ilikuwa imefungwa, na ulilia kuliko mimi. Pipa hakuwa nalo.

Ukilipata, niite Mbu. Sijaitwa hivyo miezi minne, mkwe wako anaogopa kulitamka jina hilo akajibiwa na mwingine. Niite kwa nguvu kama ulivyokuwa unaniita kutoka jikoni. Sijui kama sauti yangu itarudi. Kama iko mahali inasubiri kuitwa, mimi nadhani inasubiri wewe. Na ikikataa kurudi, basi angalau kutakuwa na mtu mmoja duniani ambaye, nikizungumza, anajua ni nani.

Na ule wimbo wa tisa, ukipenda uendelee kuusikiliza, usikilize. Mngurumo ule ni wangu, sitaudai. Nusu ya kwanza, nyimbo zile sita za mwanzo, ni yeye mwenyewe, sijagusa hata pumzi. Humo ndimo alimo, mama. Sikiliza nyimbo hizo.

Nisalimie majirani wote, na uwaambie samahani kwa kelele. Msalimie yule mbuzi, mwambie pazia jipya naja nalo. Mjukuu wako anakuletea jino lake kwenye kibweta, anasema ulihifadhi. Mkwe wako anakusalimu tena. Mama mdogo, ahsante kwa kusoma bila kukohoa, na kama umekohoa, rudi uanze upya.

Nakupenda, mama. Funga mlango.

Ni mimi mwanao wa kwanza, aliye hai,

Mbu